Reginald Maudling: Waziri aliyewaachia Waingereza chungu chao cha pombe

ALASIRI ya Jumatano, Aprili 3, 1963, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Reginald Maudling, alisimama bungeni mjini London kusoma bajeti yake ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 46. Waliomsikiliza walingoja habari za kodi na za namna ya kuuamsha uchumi uliokuwa umelala, na hayo aliyasema kwa kirefu. Lakini ndani ya bajeti hiyo mlikuwa na jambo jingine ambalo halikuipunguzia hazina kitu cha maana. Tangu mwaka huo, Mwingereza aliyejipikia bia nyumbani kwa ajili yake na watu wake hakuhitaji tena leseni, wala hakudaiwa ushuru.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila nikifika kwenye mada ya uhuru wa Afrika Mashariki, jina la Maudling linapita katika mstari mmoja, kisha tunaendelea na Kenyatta na Obote. Wanafunzi wanaliandika na kulisahau. Naona leo nimtendee haki kidogo, kwa sababu mtu huyu aligusa jambo ambalo kwetu, na kwa majirani zetu wote, bado linagombaniwa kila mwaka: nani ana haki ya kupika pombe kwenye ua wa nyumba yake, na serikali inaingilia wapi.

Ili msomaji aone uzito wa jambo hilo, inabidi turudi nyuma miaka 83. Hadi 1880 serikali ya Uingereza ilikuwa ikitoza ushuru kwenye kimea, yaani shayiri iliyoloweshwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa. Mkulima aliyejipikia bia kwa kimea cha kununua alikuwa amekwisha kulipa ushuru dukani. Mwaka huo William Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu na papo hapo Waziri wa Fedha, aliufuta ushuru wa kimea na kuuhamishia kwenye bia yenyewe. Wakulima wa shayiri walifurahi, kwa kuwa walikuwa wameulalamikia miaka mingi. Wenye viwanda nao walipata nafasi ya kutumia nafaka na sukari waliyoitaka. Aliyebanwa ni mpikaji wa nyumbani. Kwa kuwa ushuru sasa ulikuwa kwenye bia, serikali ilitaka ijue kila mahali bia inapopikwa. Basi hata aliyepikia nyumba yake alitakiwa akate leseni, na asipokuwa miongoni mwa wakazi wa nyumba za kodi ndogo waliosamehewa, alilipa na ushuru juu yake.

Kabla ya hapo kupika bia kulikuwa kazi ya kawaida ya mashambani, na kwa karne nyingi ilikuwa kazi ya wanawake, kama ilivyo kwetu. Sisemi kwamba sheria ya Gladstone peke yake ndiyo iliyoiua desturi hiyo. Viwanda, reli na mishahara ya mjini vilikwisha kuanza kuimaliza. Ila sheria ilihakikisha kwamba anayebaki akipika anafanya hivyo kwa karatasi mkononi au kwa kujificha.

Kujificha huko nakufahamu. Nilizaliwa na kusomeshwa mkoani Tabora, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Tulirudi nyumbani mwaka 2009, mimi nikiwa tayari mtu mzima. Kule makazini, daftari na sare za wengi wetu zilitokana na pombe ya akina mama. Waliivika ndizi shimoni mpaka ziive, wakazikamua kwa nyasi, wakachanganya na maji, kisha wakatia unga wa mtama uliokaangwa ili uchachue. Baada ya siku mbili tatu urwarwa ulikuwa tayari, sawasawa na ule uliopikwa na bibi zetu ng'ambo ya mpaka. Siku mgambo walipopita, mitungi ilifunikwa majani ya migomba na watoto tulitumwa barabarani kuangalia. Hakuna aliyetufafanulia ni ipi iliyokatazwa, urwarwa huu wa kunywa harusini au gongo lililokuwa likikenezwa porini na watu wengine kabisa. Kwa mgambo yote ilikuwa pombe.

Sasa turudi kwa mwenyewe. Maudling alizaliwa Machi 7, 1917, Finchley, kaskazini mwa London. Baba yake alikuwa mtaalamu wa hesabu za bima. Haikuwa familia ya mabwanyenye, bali ya watu wa kati waliojiweza. Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inaendelea walihamia Bexhill, mji wa pwani ya kusini, kukimbia mabomu ya ndege za Wajerumani. Alisoma Merchant Taylors', kisha akaenda chuo cha Merton, Oxford, ambako alipata daraja la kwanza katika masomo ya Kigiriki, Kilatini na falsafa. Mwaka 1939 alimwoa Beryl Laverick, aliyekuwa mwigizaji, wakapata watoto wanne. Vita ya Pili ilipokuja, macho yake mabovu yalimzuia kurusha ndege. Alikaa ofisini katika jeshi la anga na baadaye akawa katibu wa Waziri wa Anga, Sir Archibald Sinclair.

Mwaka 1945 aligombea ubunge kwa tiketi ya Conservative akashindwa, kama walivyoshindwa wengi wa chama hicho mwaka ule. Akaingia idara ya utafiti ya chama pamoja na vijana wengine wawili waliokuja kuvuma, Iain Macleod na Enoch Powell. Mwaka 1950 alipata jimbo la Barnet. Kuanzia hapo alipanda ngazi bila kutoka jasho: naibu waziri, Waziri wa Ugavi, mjumbe wa mazungumzo ya biashara na Ulaya, Waziri wa Biashara. Alisifiwa kwa akili nyepesi na roho isiyo na kinyongo. Alijulikana pia kwa kupenda raha, chakula kizuri na glasi iliyojaa.

Oktoba 1961 Waziri Mkuu Harold Macmillan alimkabidhi Wizara ya Makoloni mahali pa Macleod. Walowezi wa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, waliomchukia Macleod, walidhani wamepata ahueni. Hawakuipata. Haikufika miezi miwili Tanganyika ikawa huru, Desemba 9, 1961. Februari hadi Aprili 1962 Maudling aliongoza mkutano wa katiba ya Kenya pale Lancaster House, Kenyatta akiwa ametoka kizuizini Agosti iliyotangulia. Mkutano ulizaa serikali ya mseto ya KANU na KADU na muundo wa katiba ya majimbo, ambao haukudumu. Juni mwaka huo akakutana na Waganda, na tarehe ya uhuru wao, Oktoba 9, ikathibitishwa. Kuhusu Rhodesia ya Kaskazini alisimama imara mpaka wenzake serikalini wakamwona ni mkali kuliko aliyemtangulia. Burundi na Rwanda zilikuwa chini ya Ubelgiji, hivyo Julai 1, 1962 hatukuwa na la kumshukuru wala la kumlaumu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya shule haviligusi. Makoloni aliyoyasimamia yalikuwa na sheria zake za pombe, na zilikuwa kali kwa mwenyeji kuliko ile ya Gladstone ilivyokuwa kwa Mwingereza. Nairobi ni mfano mzuri. Tangu miaka ya 1920 halmashauri ya mji ilijipa peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika katika vilabu vyake, na faida ikalipia huduma za mitaa ya Waafrika. Mwanamke wa Pumwani aliyepika kwake alikamatwa, pombe ikamwagwa, akatozwa faini. Kwa hiyo mtu alikatazwa kupika ili akanunue kwa yule yule aliyemkataza. Waziri alizikuta sheria za namna hiyo na akaziacha. Ofisi ile alikaa miezi tisa tu, na mezani kwake mlikuwa na mataifa mazima yakisubiri bendera.

Serikali huru nazo hazikuona haraka ya kuzibadilisha. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965, Tanzania ikatunga sheria ya pombe ya moshi mwaka 1966, na Kenya ikaipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, marufuku iliyodumu hadi 2010. Siwalaumu moja kwa moja. Pombe ya kukeneza ikipikwa ovyo inaweza kupofusha na kuua, nasi tumezika watu kwa ajili yake. Lakini katika msako, mama mwenye mtungi wa mbege au rubisi alijikuta ndani ya karandinga moja na mwenye pipa la gongo.

Julai 1962 Macmillan aliwafukuza mawaziri saba kwa mkupuo, na Maudling akapewa Wizara ya Fedha. Hapo ndipo tunaifikia bajeti niliyoanza nayo.

Mambo mawili ndani yake nayaona ni ndugu, ingawa sijaona wengi wakiyaweka pamoja. La kwanza ni kufutwa kwa kodi ya nyumba ya kuishi. Hadi wakati huo Mwingereza aliyekaa katika nyumba yake mwenyewe alitozwa kodi ya mapato kwa pango ambalo angelipata kama angempangisha mtu mwingine. Yaani alihesabiwa kuwa mpangaji wa nafsi yake. Maudling aliifuta. La pili ni leseni ya bia. Huyu naye alihesabiwa kuwa kiwanda cha nafsi yake, na Maudling akamwachia. Mantiki ni moja: kitu anachojitengenezea mtu na kukitumia ndani ya mlango wake si biashara, na mtoza ushuru hana cha kupima pale. Wanasiasa waliisherehekea nafuu ya kwanza kwa sababu wenye nyumba wana kura. Ya pili ilipita kama chenji ya dukani.

Masharti hayakuwa magumu. Bia iwe ya matumizi ya nyumbani. Ukiuza hata chupa moja, umekuwa mfanyabiashara, na leseni na ushuru vinakuhusu. Kukeneza pombe kali nako hakukuguswa, na hadi leo Mwingereza hakenezi bila leseni. Sheria ilichora mstari kati ya kuchachua na kukeneza, kisha kati ya kunywa na kuuza. Mistari hiyo miwili tu imewatosha kwa zaidi ya miaka 60.

Yaliyofuata yalionyesha kwamba watu walikuwa wakisubiri. Mwaka huo huo wa 1963 C.J.J. Berry, aliyekuwa mhariri wa jarida la watengeneza mvinyo wa nyumbani, alitoa kitabu cha kufundisha kupika bia. Maduka ya dawa yakaanza kuuza makopo ya rojo la kimea, hamira na ndoo za plastiki. Vikundi vikaundwa, mashindano yakafanyika, na watu wenye kazi zao nyingine wakageuka wajuzi wa shayiri na moto. Marekani ilichelewa. Baada ya marufuku ya pombe kuondolewa huko mwaka 1933, mvinyo wa nyumbani uliruhusiwa lakini bia ikaachwa nje, mpaka Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya Oktoba 1978. Kichekesho ni kwamba sheria hiyo ilihusu pia ushuru wa malori na mabasi, na bia ilipakiwa humo kama abiria. Iliruhusu galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757, kwa nyumba yenye watu wazima wawili. Hata hivyo kila jimbo kule lina mamlaka yake juu ya pombe, na mawili ya mwisho, Mississippi na Alabama, yalisubiri hadi 2013. Watu waliokuwa wakipika gereji mwao walilazimika kwenda kuwabembeleza wabunge wao, jimbo baada ya jimbo. Uingereza waziri mmoja aliimaliza kazi hiyo kwa bajeti moja.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maudling alisifiwa mno. Alitaka uchumi ukue kwa asilimia nne kwa mwaka, na kweli ulikua, lakini nchi ikanunua nje kuliko ilivyouza. Chama chake kiliposhindwa uchaguzi Oktoba 1964, pengo lilikuwa karibu pauni milioni 800. Inasimuliwa kwamba akiwa anaondoka alimchungulia mrithi wake, James Callaghan, akamtakia heri na kumwomba radhi kwa fujo aliyomwachia, kwa sauti ya mtu aliyesahau kufagia chumba. Mwaka 1965 chama kilichagua kiongozi. Wengi walidhani ni wake. Edward Heath alipata kura 150, yeye 133, Powell 15. Wakati Heath alikuwa akizunguka kutafuta kura, Maudling alihesabu kwamba zipo.

Akiwa nje ya serikali alitaka fedha. Aliingia katika bodi za makampuni, na mwaka 1966 akawa mwenyekiti wa kampuni moja ya John Poulson, msanifu majengo aliyepata kandarasi kwa kuhonga maofisa na wanasiasa. Poulson alitafuta kazi nchi za nje, ikiwemo hospitali ya kisiwa cha Gozo, Malta, na jina la waziri wa zamani lilifungua milango. Papo hapo aliisaidia kwa fedha taasisi ya ukumbi wa michezo iliyokuwa kipenzi cha Beryl. Tukiita jambo kwa jina lake, huyu alikuwa mtu mwerevu aliyechagua kutouliza.

Heath aliposhinda mwaka 1970 alimfanya Waziri wa Mambo ya Ndani. Miaka hiyo miwili ndiyo inayonipa shida kumpenda. Mapema mwaka 1971 alimfukuza nchini Rudi Dutschke, kiongozi wa wanafunzi wa Ujerumani aliyepigwa risasi ya kichwa Berlin mwaka 1968 na aliyekuja Uingereza kutibiwa na kusoma. Dutschke alikwenda Denmark na familia yake. Aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi hasomi habari kama hiyo kwa utulivu. Tulijua karatasi ya ukaazi ni nini, na inavyochanika.

Halafu ikaja Ireland ya Kaskazini. Inasimuliwa kwamba baada ya ziara yake ya kwanza Belfast alipanda ndege, akaagiza wiski kubwa na kuilaani nchi ile. Agosti 1971 watu wakaanza kuwekwa kizuizini bila kesi. Januari 30, 1972, askari wa miavuli waliwaua waandamanaji 13 mjini Derry, na mtu wa 14 akafa baadaye. Kesho yake Maudling aliliambia Bunge la Makabwela kwamba askari walijibu mashambulizi. Mbunge kijana, Bernadette Devlin, aliyekuwapo Derry na kunyimwa nafasi ya kusema, alivuka ukumbi na kumpiga usoni. Mwaka 2010 uchunguzi wa Jaji Saville ulithibitisha kwamba waliouawa hawakuwa hatari kwa askari, na serikali ikaomba radhi. Waziri alikuwa amekwisha kufa miaka 31.

Mwaka huo huo wa 1972 Poulson alifilisika, vitabu vyake vikafunguliwa, na polisi wa London wakaanza kuchunguza. Polisi hao walikuwa chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Julai 18 akajiuzulu. Siku 17 baadaye Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, na mzigo huo ukamwangukia mrithi wake, Robert Carr. Poulson alifungwa mwaka 1974. Maudling hakushtakiwa. Margaret Thatcher alimrudisha mwaka 1975 kuwa msemaji wa upinzani wa mambo ya nje, akamwondoa mwaka uliofuata. Mwaka 1977 kamati ya Bunge ilimlaumu kwa mahusiano yake na Poulson, na wabunge wakaipokea taarifa bila kumwadhibu.

Wakati huo alikuwa akinywa tangu asubuhi hadi usiku. Ini lilikwisha kuharibika, figo zikafuata. Alifariki Februari 14, 1979, katika hospitali ya Royal Free, London, akiwa na miaka 61 na bado mbunge. Wapinzani wa pombe ya nyumbani wangeweza kumtumia kama hoja, kwamba tazameni aliyefungua chungu alivyokwisha. Sidhani ingesimama. Kilichomuua hakikupikwa ndooni jikoni kwake. Kilitoka dukani na katika karamu, na kila chupa ilikuwa imelipiwa ushuru.

Alizikwa Little Berkhamsted, Hertfordshire. Siku nane baada ya kifo chake, Februari 22, 1979, Malkia aliidhinisha sheria mpya iliyokusanya pamoja ushuru wote wa vileo wa Uingereza. Msamaha kwa anayepika bia ya nyumbani mwake ulimo. Sheria hiyo ilitumika hadi Agosti 2023, ilipochukuliwa nafasi na nyingine, na msamaha ukahamishwa humo.